Namna ya Kubaini Gaidi za Valvu Zilizolika Kabla ya Kukubali Ovahoo

Gari likishuka kutoka Kericho kuelekea Awasi likiwa kwenye gia, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye ekseleta kwa dakika kadhaa, injini hutulia na huonekana haina neno. Barabara inaponyooka na mguu ukarudi kwenye ekseleta, ndipo wingu la samawati linapotoka nyuma, likamfunika anayefuata, kisha likatoweka. Mwenye gari mara nyingi halioni. Huambiwa na dereva wa boda aliyelimeza, na akifika mjini huingia gereji ya kwanza na kupewa jibu moja: injini imekwisha, ipigwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya.

Jibu hilo nililipewa kuhusu Probox yangu, nikalikubali. Ringi za pistoni zilibadilishwa, beringi za kranki zikabadilishwa, hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ikaoshwa na kurudishwa jinsi ilivyokuwa, na wiki ya pili baada ya kulipa, gari likatoa wingu lile lile kwenye mteremko ule ule. Kilichokuwa kimelika, yaani gaidi ya valvu, hakikuwa kimeguswa. Mpangilio ninaouandika hapa ndio ambao ningeufuata siku ile, kuanzia vipimo visivyogharimu chochote hadi kile kinachohitaji hedi iwe mezani, na ninashauri hatua zisirukwe hata kama fundi ana haraka.

Kinacholika ni nini

Gaidi ni kijibomba cha chuma cha kusubu au cha bronzi kilichoshindiliwa ndani ya hedi, na shina la valvu hupanda na kushuka ndani yake. Anayelisikia neno hili kwa mara ya kwanza hudhani tunazungumza juu ya majambazi, lakini ndilo neno la gereji zetu na sina haja ya kubuni jingine. Kazi ya gaidi ni mbili. Huiweka valvu wima ili itue sawasawa kwenye kiti chake kila inapofunga, na hupokea sehemu ya joto la valvu kupitia shina na kulipeleka kwenye hedi, ambako maji ya kupozea hulichukua.

Nafasi kati ya shina na gaidi ni ndogo sana. Katika injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika Probox nyingi za barabara zetu, kipimo cha kawaida ni milimita 0.025 hadi 0.060 kwa valvu ya inleti (inayoingiza hewa) na 0.030 hadi 0.065 kwa valvu ya ekzosi (inayotoa moshi), na kikomo ni 0.08 na 0.10 kwa mfuatano huo. Juu ya kila gaidi hukaa sili ya mpira inayopangusa oili kwenye shina na kubakiza utando mwembamba tu wa kulainisha. Sili ikikauka, oili hupita. Gaidi ikilika, shina hucheza na kuitanua sili kila upande hadi nayo ikashindwa, na ndiyo maana matatizo haya mawili hufanana kwa moshi ingawa gharama zake hazifanani kabisa.

Gaidi hulika kwa sababu ya oili iliyokaa muda mrefu kupita kiasi, vumbi linaloingia kupitia kichujio cha hewa kilichochanika, injini iliyowahi kuchemka, na kaboni ngumu inayojijenga kwenye shina na kulisugua tundu kama tupa. Katika injini zenye roka, yaani vikono vinavyoisukuma valvu ifunguke, ncha ya roka huisukuma valvu kidogo kwa ubavu kila inapoifungua, hivyo gaidi hulika zaidi mdomo wa juu na mdomo wa chini, huku katikati ikibaki nzima. Umbo hilo la tarumbeta likumbukwe, kwa maana tutalirudia wakati wa kupima.

Moshi usomwe kwa wakati wake

Rangi peke yake haitoshi. Samawati ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria maji. Lakini oili inaweza kuingia kwenye silinda kutoka juu kupitia gaidi au kutoka chini kupitia ringi, na kinachotofautisha njia hizo mbili ni wakati moshi unapotokea.

Jaribio la kwanza ni la alfajiri. Gari lilale usiku mzima mahali palipo sawa, kisha mtu mmoja asimame nyuma kabla ya injini kuwashwa. Wingu la samawati likitoka mara moja na kupotea baada ya nusu dakika au dakika moja, oili ilikuwa ikidondoka usiku kupitia sili au gaidi na kukusanyika juu ya pistoni au kwenye tundu la ekzosi.

Jaribio la pili ni la mteremko, nalo ndilo lenye maana zaidi kwa injini ya petroli. Mguu unapoondolewa kwenye ekseleta huku gari likiwa kwenye gia, lango la hewa hufungwa ilhali pistoni zinaendelea kuvuta, na ombwe kali, yaani upungufu wa hewa unaofyonza, hujengeka kwenye manifoldi ya inleti, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Ombwe hilo huvuta oili kupitia gaidi za inleti zilizolika. Mguu ukirudishwa, oili iliyokusanyika huungua kwa mkupuo. Huku kwetu hatuna upungufu wa miteremko: Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Ahero iko chini ya mita 1,200, na aliye Nakuru anaweza kutumia mteremko wowote mrefu na salama. Mtu wa pili afuate kwa gari jingine na aangalie ekzosi wakati mguu unaporudi.

Naomba hapa nisisitize jambo moja. Jaribio hili halifanywi gari likiwa "free", yaani bila gia. Kwanza, gari likiwa free injini haivutwi na magurudumu, ombwe halifikii ukali huo, na jaribio halina maana. Pili, kila anayepita Sachangwan kuelekea Salgaa anajua magari yaliyoachwa free kwenye mteremko ule yamewafanya nini watu.

Jaribio la tatu ni la kusubiri. Injini iliyopata joto iachwe ikiunguruma yenyewe kwa dakika 10 bila kukanyagwa, kisha ekseleta ibonyezwe kwa ghafla. Wingu likitoka na kupotea, shaka iwe juu, yaani kwenye hedi. Ringi zilizolika hutoa moshi kwa namna nyingine: moshi huongezeka gari linapobeba mzigo na kupanda kilima, na kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikiwaka, mvuke hupumuliwa nje kwa mapigo kama wa sufuria ya chai.

Dizeli isipimwe kwa jaribio la mteremko. Injini nyingi za dizeli hazizuii hewa kama za petroli, hivyo ombwe hilo halipo, na zenye tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) huweza kutoa moshi wa samawati kwa sababu ya sili za tabo lenyewe.

Oili ihesabiwe, na kivalvu kidogo kikaguliwe

Watu wengi husema gari "linakula oili" bila kujua linakula kiasi gani. Oili ijazwe hadi alama ya juu, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali palipo sawa, kisha nambari ya kilomita iandikwe. Baada ya kilomita 1,000 ipimwe tena mahali pale pale, na kiasi kitakachohitajika kurudi kwenye alama ndicho jibu. Watengenezaji wengi huchukulia lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa mpaka wa kuanza matengenezo, ingawa injini ndogo iliyo na afya haikaribii hapo.

Kabla ya kulaumu gaidi, kipo kivalvu cha kutolea mvuke wa injini, kile ambacho mafundi hukiita PCV, kinachounganisha kifuniko cha valvu na manifoldi kwa mpira mfupi. Kikiziba, presha hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili kila mahali penye upenyo. Kikikwama wazi, oili huvutwa moja kwa moja kwenye inleti na kuungua, na moshi wake hauna tofauti na wa gaidi. Kichomolewe na kutikiswa. Kizima hugonga ndani kama punje ya mahindi kwenye kopo. Mpira wake nao uchunguzwe kama umeziba kwa matope ya oili. Nimeona gari lililokuwa limekwisha kuahidiwa ovahoo likipona kwa kivalvu hicho peke yake.

Geji, na mwinuko wa mahali ulipo

Kipimo cha kompresheni hufanywa plagi zote zikiwa zimetolewa, injini ikiwa na joto, ekseleta ikibonyezwa hadi mwisho, na betri ikiwa na nguvu. Mfumo wa petroli na wa kuwasha uzimwe kwanza. Kila silinda izungushwe mizunguko ile ile, na nambari ziandikwe.

Hapa wengi hupotea, kwa sababu vitabu vya magari huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, na hewa yake ina takriban asilimia 80 ya presha ya hewa ya Mombasa. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, ina takriban asilimia 87. Kitabu kikisema psi 180, injini nzima Nakuru itaonyesha kama 145, na Kisumu kama 157. Fundi asiyejua hilo huisoma 145 kama hukumu ya kifo. Kwa hiyo kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda, ambayo haifai kuzidi takriban asilimia 10 hadi 15.

Silinda iliyo chini imwagiwe kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa upya. Presha ikipanda sana, ringi au kuta za silinda ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Lakini ieleweke vizuri kwamba kompresheni nzuri haiisafishi gaidi. Gaidi inaweza kuwa imelika vibaya huku valvu ikiendelea kuziba, na vilevile ringi za kukwangua oili zinaweza kukwama kwa kaboni huku ringi za presha zikiwa nzima. Kipimo hiki huondoa baadhi ya washukiwa, hakimkamati mhalifu.

Geji ya ombwe ina maneno mengi zaidi. Iunganishwe kwenye manifoldi, injini ikiwa na joto na ikiunguruma yenyewe. Pwani injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo Nakuru tarajia 11 hadi 15, na Kisumu 13 hadi 17. Usitazame nambari tu, tazama mshale. Ukitetemeka haraka haraka injini ikiwa polepole, kisha ukatulia mzunguko unapoongezwa, gaidi zilizolika ni miongoni mwa sababu za kwanza. Mtetemo unaozidi kadiri injini inavyoongezwa kasi huelekeza kwenye springi za valvu zilizochoka.

Plagi na matundu

Plagi iliyolowa oili nyeusi inayong'aa, hasa moja au mbili ilhali nyingine ni kavu, inakuambia silinda ya kuanzia. Hatua inayofuata ni nyepesi na bado sijui kwa nini mafundi wengi huiruka: manifoldi ya inleti ifunguliwe, na tochi imulikwe kwenye matundu. Valvu ya inleti ambayo gaidi yake inapitisha oili huwa na shina lililolowa na mgongo wenye tope zito jeusi, laini kwa juu na gumu kwa chini, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Tundu la jirani ambalo ni zima huwa na vumbi kavu tu. Kwenye injini inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda alama hii ina uzito mdogo, kwani valvu zake hujenga tope hata zikiwa salama.

Ukiwa na kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi, tazama kichwa cha pistoni. Oili inayopanda kupitia ringi huosha ukingo wa pistoni pande zote ukabaki unang'aa. Inayotoka juu huacha uchafu ulioloa upande ulio chini ya valvu.

Ni sili au ni gaidi?

Swali hili ndilo linaloamua kama utatumia siku moja na sili mpya, au utaifungua hedi na kuipeleka kwa wenye mashine. Linaweza kujibiwa hedi ikiwa bado juu ya injini, lakini kwa uangalifu mkubwa, kwani valvu ikitumbukia ndani ya silinda hedi itafunguliwa kwa lazima.

Baada ya kutoa kifuniko cha valvu na kamshafti (shafti inayofungua valvu), pistoni ya silinda husika iwekwe ikiwa bado haijafika juu, kisha kamba safi ya nailoni iingizwe kupitia tundu la plagi hadi ijae, ncha yake ikibaki nje. Kranki izungushwe polepole kwa spana hadi kamba ibanwe dhidi ya valvu. Sasa valvu haiwezi kuanguka. Springi ibonyezwe, loki zake zitolewe kwa sumaku, springi iondolewe, na sili ya zamani ing'olewe. Ibonye kati ya vidole viwili. Mpira mzima hurudi, uliokufa huvunjika kama biskuti.

Kranki irudishwe nyuma kidogo ili kamba ilegee, na shina lishikwe kwa vidole muda wote. Valvu ishushwe milimita chache, kisha isukumwe huku na huku, kwa mwelekeo wa roka na kwa mwelekeo unaokatana nao. Gaidi nzima huonyesha mchezo mdogo ambao kidole huuhisi kwa shida. Kukiwa na mgongano unaosikika, au shina likionekana kwa macho likihama, sili mpya itadumu miezi michache tu. Sili ikiwa imekauka na shina limetulia, badilisha sili zote, funga, na usifungue hedi.

Hedi ikiwa mezani

Hapa mashaka hukoma, mradi usafi uwepo. Kila valvu iwekewe alama ya mahali ilipotoka. Gaidi zisuguliwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi kaboni iishe, kwa sababu kaboni hujaza nafasi na kumdanganya mpimaji.

Kuna mzee fundi Kibuye, Kisumu, ambaye aliifungua hedi yangu mara ya pili. Hakuanza na geji. Alichukua valvu mpya kutoka kwenye karatasi yake, akaipaka oili kidogo, akaitumbukiza kwenye gaidi ya silinda ya tatu, akaziba mdomo wa juu wa gaidi kwa kidole gumba, na kuivuta valvu taratibu. "Weka kidole chako hapa, mwanangu," akaniambia. Kwenye silinda ya kwanza nilihisi ngozi ikivutwa. Kwenye ya tatu sikuhisi kitu. "Basi mzee, ni gaidi?" nikauliza. "Ngoja tupime. Kidole hakiandiki risiti."

Kupima kwenyewe ni hivi. Kipenyo cha shina hupimwa kwa mikrometa mahali patatu, na kipenyo cha gaidi kwa geji ya matundu madogo mahali patatu vilevile, juu, katikati na chini, kila mahali kwa mielekeo miwili inayokatana. Anayepima katikati peke yake atapata gaidi nzuri siku zote, kwa sababu ya lile umbo la tarumbeta. Kipenyo kidogo kabisa cha shina hutolewa kwenye kipenyo kikubwa kabisa cha gaidi, na jibu hulinganishwa na kitabu cha injini hiyo. Kwenye silinda ya tatu tulipata 0.13 kwa inleti, ambayo kikomo chake ni 0.08. Shina lenyewe lilikuwa bado ndani ya kipimo.

Asiye na geji ya matundu hutumia geji ya mshale wa kuzunguka, akiiinua valvu kama milimita 10 kutoka kwenye kiti na kuisukuma kichwa huku na huku. Mchezo unaosomwa hivyo ni mkubwa kuliko nafasi halisi, mara nyingi karibu mara mbili, na baadhi ya watengenezaji huandika kikomo cha mchezo huo moja kwa moja. Kipimo cha njia moja kisilinganishwe na kikomo cha njia nyingine. Nimeona hedi nzima ikitupwa kwa kosa hilo.

Valvu yenye shina lililopinda nayo hudanganya, hivyo ibiringishwe juu ya kioo. Kiti kilichogongwa upande mmoja, ambacho alama yake ni pana huku na nyembamba kule, ni ushahidi kwamba valvu imekuwa ikitua kwa ubavu.

Gaidi ikithibitika

Gaidi hubadilishwa kwa kuipasha hedi ya aluminiamu joto la takriban nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, kuigonga ya zamani itoke kuelekea upande wa kamshafti kwa fimbo yenye kituo, na kuishindilia mpya hadi kimo kilichoandikwa kitabuni. Kisha tundu lake hupanuliwa kwa rima, chombo cha kupanulia matundu, hadi lilingane na shina. Wapo wanaotia kibomba chembamba cha bronzi ndani ya gaidi ya zamani, na kikifanywa na mtu mwenye mashine sahihi, ni kazi nzuri. Kuikwaruza gaidi kwa ndani ili chuma kivimbe ni nafuu ya muda, nami singeilipia kwenye gari ninalokusudia kubaki nalo.

Kiti cha valvu lazima kikatwe upya baada ya gaidi mpya, kwa sababu kitovu chake kimehama, na valvu isagwe hadi alama ya pete iwe nyembamba na kamili. Mwenye mashine akikuambia kusaga kwa mkono kunatosha bila kukata kiti, peleka hedi kwingine. Sili ziwe mpya zote, za inleti na za ekzosi, na zisichanganywe ikiwa rangi zake zinatofautiana. Nafasi ya tapeti, ile iliyo kati ya kamshafti na valvu, ipimwe tena kabla ya kufunga, kwa kuwa valvu iliyokatiwa kiti hupanda juu kidogo na kuibana.

Baada ya kufunga, usihukumu kwa moshi wa siku ya kwanza, kwani oili iliyobaki ndani ya ekzosi huchukua muda kuungua. Oili ijazwe hadi alama ya juu, kilomita ziandikwe kwenye daftari lile lile, na baada ya kilomita 1,000 ipimwe tena. Langu lilikuwa likinywa karibu lita moja na nusu. Baada ya kazi ya Kibuye lilirudi chini ya alama kwa upana wa ukucha, na dereva wa boda aliyenifuata hadi Awasi hakuwa na la kuniambia.